Tamko Kuhusu Sumu kwa Mifugo Kitui na Makueni: Mzoga Uchunguzwe Kabla Haujazikwa

Sisi madaktari wa mifugo, wasaidizi wa mifugo na wahudumu wa nyanjani tunaofanya kazi katika kaunti za Kitui na Makueni, tukiwa tumekutana kama chama, tunatoa tamko hili kwa wafugaji, kwa serikali zetu mbili za kaunti na Serikali ya Kitaifa, kwa vyuo vinavyofundisha tiba ya mifugo, na kwa wenye maduka ya agroveti kuanzia Kyuso hadi Mtito Andei. Jambo lenyewe ni sumu: inayoliwa na mnyama shambani, inayotoka ghalani, inayouzwa dukani ikiwa imefunguliwa, na inayotegwa kwenye nyama usiku. Msimamo wetu ni kwamba mnyama anapokufa kwa sumu katika kaunti hizi, kifo chake ni habari ya afya ya watu, na kinapaswa kuchunguzwa hivyo.

Tunaanza na mwaka 1981, kwa sababu wengi waliozaliwa baadaye hawajausikia. Ukame wa mwaka uliotangulia ulifuatwa na mvua iliyokataa kukatika, na mahindi yakahifadhiwa yakiwa na unyevu. Kati ya Machi na Juni, wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali za wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa bado imeibeba Makueni. Macho yao yalikuwa ya manjano na maini yao yameharibika. Kati yao 12 walifariki. Mahindi yaliyochukuliwa kutoka nyumba moja yalikutwa na mikrogramu 12,000 za sumukuvu aina ya aflatoksini B1 kwa kilo moja. Kiwango kinachoruhusiwa Kenya leo kwa aina hiyo ni mikrogramu 5. Na wachunguzi walipouliza vijijini, waliambiwa kwamba tetere walikuwa wamekufa kwanza, wakafuata mbwa, ndipo zamu ikafika kwa watu.

Mwaka 2004 mambo yalirudi kwa ukubwa uliotangazwa duniani kote. Hadi Julai mwaka huo, watu 317 walikuwa wameugua na 125 kati yao wamefariki, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Mahindi yalivunwa mvua ikinyesha nje ya msimu, yakalazwa ndani ya nyumba yakiwa hayajakauka. Zaidi ya nusu ya sampuli zilizochukuliwa kwenye masoko na maduka ya eneo hili zilivuka kiwango cha mikrogramu 20 kilichokuwa sheria wakati huo, na baadhi zilivuka 1,000. Mwaka 2005 na 2006 wagonjwa walionekana tena. Serikali ilikusanya mahindi mabovu na kuleta chakula cha badala, wataalamu wakaja kutoka Nairobi na ng'ambo, tafiti zikaandikwa. Karibu zote ni za binadamu. Kuhusu mbuzi, kuku, mbwa na punda waliokula mahindi hayohayo katika nyumba hizohizo, kumbukumbu ni chache mno, na hilo ndilo pengo linalotusukuma kusema leo.

Ni pengo la kushangaza, kwa kuwa sumukuvu hii iligunduliwa kupitia mifugo. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa maradhi yasiyojulikana, na madaktari wa mifugo waliofuatilia chakula chao walifikia mashudu ya karanga kutoka Brazili. Kipindi hicho hicho vifaranga wa bata walikuwa wakifa hapa Kenya. Mwaka 1978 jarida la madaktari wa mifugo wa nchi hii lilichapisha taarifa ya mlipuko wa aflatoksini kwa mbwa. Kwa hiyo mwaka 1981, tetere walipoanguka na mbwa wakafuata, elimu ya kuisoma dalili ile ilikuwepo nchini tayari. Kilichokosekana ni mtu mwenye elimu hiyo karibu na kijiji, mwenye glavu, kisu na chombo cha kuwekea sampuli.

Sasa tuingie jikoni, maana hapo ndipo sumu na mfugo hukutana kila siku. Nyumba nyingi za Ukambani hupika muthokoi. Mahindi hulowanishwa kidogo, hutwangwa kwenye kinu au kupitishwa mashineni, ganda likatoka, na kiini cha mbegu kikatoka nalo kwa sehemu kubwa. Ni desturi nzuri. Tafiti zilizofanywa kwa muthokoi zimeonyesha kwamba kukoboa hupunguza aflatoksini kwa kiasi kikubwa, kwani kuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini kuliko kwenye unga mweupe wa ndani. Lakini sumu iliyotolewa kwenye chungu haijatoweka, iko kwenye pumba. Na pumba hizo humwagiwa kuku papo hapo chini ya kinu, au huchanganywa na maji ya ng'ombe wa maziwa, au huuzwa kwa debe kwa jirani mwenye nguruwe. Kadiri mama anavyokoboa vizuri kwa ajili ya watoto wake, ndivyo anavyowarundikia mifugo sumu.

Halafu kuna mahindi yaliyochambuliwa. Punje zenye ukungu, zilizotobolewa na funza au zilizobadilika rangi hutengwa, na mwenye nyumba akiwa mtu makini hatampikia mwanawe. Anazipeleka wapi? Kwa mbwa na kuku. Katika njaa, hatuwezi kumcheka mtu anayeona dhambi kutupa nafaka. Ila ukweli wenyewe ni huu: mbwa, nguruwe, ndama, bata na bata mzinga wanaiweza sumu hii kidogo sana. Kuku huvumilia kuliko bata, lakini mayai hupungua na kinga ya mwili hushuka, ndiyo maana utakuta kuku waliochanjwa dhidi ya kideri wanakufa kwa kideri na mfugaji analaumu chanjo. Ng'ombe mzima na kondoo huonekana wazima, na uzima wao huo ndio unaodanganya.

Ng'ombe akila aflatoksini B1, ini lake huigeuza sehemu yake kuwa M1, nayo hutoka na maziwa. Ni asilimia ndogo, moja hadi tatu au zaidi kidogo kwa ng'ombe wanaokamuliwa sana, lakini hutokea ndani ya siku moja baada ya mlo na kuchemsha maziwa hakuiondoi. Kiwango kinachoruhusiwa katika maziwa nchini ni nusu mikrogramu kwa kilo. Mtoto anayenyonyeshwa chupa ya maziwa ya ng'ombe mmoja wa nyumbani hana nafasi ya kuchanganyiwa na maziwa ya ng'ombe wengine yapunguze makali. Habari njema, na tunaisema kwa sababu ni tiba ya bure: ukiacha kumlisha ng'ombe chakula kibovu, maziwa husafika baada ya siku tatu au nne.

Kwa mnyama aliyekwisha kuathirika, tiba ni finyu. Hakuna dawa ya kuivunja aflatoksini ikishafika kwenye ini. Tunaondoa chakula, tunampa maji ya mshipani na glukosi, vitamini K kwa anayevuja damu, na tunajiepusha na dawa yoyote inayolichosha ini; vidonge vya maumivu vya binadamu ambavyo wenye mbwa huvikimbilia ni miongoni mwa hizo. Udongo wa aina ya bentonaiti ukichanganywa na chakula hunasa sehemu ya sumu tumboni kabla haijaingia kwenye damu, na viwanda vya chakula cha mifugo vinautumia, lakini haugeuzi mahindi yaliyooza kuwa chakula.

Aliyewahi kumpasua mbwa aliyekufa kwa aflatoksini hasahau. Ufizi na mafuta ya chini ya ngozi ni ya manjano kama yaliyopakwa bizari, ini limevimba na linavunjika ukilishika, utumbo una damu nyeusi, na damu ya moyoni haigandi vizuri hata ukisubiri. Mwenye mbwa atakwambia alitapika siku mbili, akakataa kula, akajisaidia damu. Maelezo hayohayo yanafanana na pavo, na homa ya kupe, na leptospira. Bila kupasua na bila kupeleka ini na chakula maabara, kila mtu ataandika ugonjwa anaoujua zaidi. Ndiyo sababu tunasisitiza mzoga uchunguzwe kabla haujazikwa.

Tumeanza na sumukuvu kwa sababu ya historia yetu, lakini sumu tunayoitwa kuitibu mara nyingi zaidi hutoka kwenye chupa.

Mfugaji mwenye ng'ombe wanne hawezi kununua lita nzima ya dawa ya kupe. Anataka ya shilingi mia. Muuzaji anafungua chupa kubwa na kummiminia kwenye chupa ya soda iliyookotwa, bila jina la dawa, bila kipimo cha maji, bila tarehe. Siku tatu baadaye tunapigiwa simu: ng'ombe anatetemeka, anatoa povu. Swali letu la kwanza ni dawa gani, na jibu ni "ile nyeupe". Basi hapo tumepoteza nusu saa ambayo mnyama hana. Sheria ya bidhaa za kuua wadudu ipo, na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu ina mamlaka juu ya maduka haya. Tunaitaka bodi hiyo, pamoja na Kurugenzi ya Dawa za Mifugo, ikomeshe uuzaji wa dawa zilizofunguliwa, na iwabane watengenezaji walete chupa ndogo zenye maandishi ya Kiswahili na Kikamba. Kumkamata muuzaji bila kuleta chupa ndogo hakutabadilisha kitu, mteja wa shilingi mia bado yupo.

Jina la dawa lina uzito kwa sababu kila sumu ina tiba yake, na tiba ya moja yaweza kuwa kisu kwa nyingine. Dawa za jamii ya oganofosfeti hufunga kimeng'enya kinachotuliza neva: mate yanachuruzika, mboni za macho zinakuwa ndogo, mapafu yanajaa ute, misuli inacheza. Tiba yake ni atropini, kwa kiasi kikubwa, miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa kila kilo ya mnyama, robo ikiingia kwenye mshipa na iliyobaki chini ya ngozi. Mhudumu asiye na uhakika anaweza kujaribu kwanza kwa miligramu 0.02 kwa kilo. Mnyama ambaye hana sumu hiyo, mapigo ya moyo wake yatapanda, kinywa kitakauka na mboni zitapanuka. Mwenye sumu hiyo hatabadilika. Ni jaribio la dakika chache, halihitaji maabara, na limo vitabuni tangu zamani.

Amitrazi, ambayo imetapakaa kaunti hizi zote kama dawa ya kupe, ni kitu kingine kabisa. Mnyama huzubaa, moyo unapungua kasi, tumbo linasimama. Ukimpiga atropini unalisimamisha tumbo zaidi. Anahitaji kuoshwa kwa maji mengi na sabuni, kuhudumiwa kwa maji ya mshipani, na ikiwezekana yohimbini au atipamezoli, dawa ambazo hazipatikani kwa urahisi huku kwetu. Na hapa tuna neno kwa wenye punda. Kitui na Makueni huteka maji kwa punda. Bila yeye hakuna maji nyumbani. Watu wakimaliza kuwanyunyizia ng'ombe, dawa iliyobaki huishia mgongoni mwa punda. Amitrazi si dawa ya punda. Husimamisha utumbo wake, kinyesi kinakauka ndani, naye hufa kwa maumivu ya tumbo siku kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka kunyunyizia. Vilevile asipewe chakula cha kuku: baadhi ya vyakula hivyo vina monensini, na kiasi ambacho kuku hakioni kinatosha kuuharibu moyo wa punda.

Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, dawa za mahindi zimekuwa nyingi, na mabua yanayolishwa ng'ombe baada ya mavuno yamenyunyiziwa mara kadhaa. Ndengu za Kitui na maembe ya Makueni nayo hupigwa dawa. Mbuzi hajui siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa. Nyuki pia hawajui, na sisi tunawahesabu nyuki kuwa mifugo, hata kama wapo wenzetu wanaotucheka kwa hilo: mwenye mizinga Mwingi anapokuta nyuki wamelala chini ya mti, ana haki ya kuhudumiwa kama mwenye fahali.

Ipo pia sumu ya makusudi. Wezi huwawekea mbwa nyama yenye sumu kabla ya kuvunja nyumba. Kandokando ya hifadhi za Tsavo na Chyulu, mfugaji aliyeliwa mbuzi na fisi au simba huupaka mzoga dawa ya wadudu, na wanaokufa ni tai, mbweha na mbwa wa jirani. Kabofurani, mojawapo ya dawa hizo, ilipata sifa mbaya kwa hilo hadi mtengenezaji wake akaanza kuiondoa kwenye soko la Kenya mwaka 2009. Tabia yenyewe haikuondoka nayo. Hasara ya mfugaji ni ya kweli, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua fidia. Fidia hiyo ikichelewa miaka, sumu itaendelea kuwa ndiyo mahakama ya karibu.

Mimea tutaigusa kwa ufupi, maana wazee wa vijiji wanaijua kuliko wengi wetu. Unaoua haraka ni mtama. Ukikatwa au ukikaushwa na jua kisha ukachipua upya baada ya manyunyu, machipukizi yake yana sayanidi. Ng'ombe mwenye njaa akiingia humo asubuhi, anaweza kuanguka kabla ya saa kupita, damu yake ikiwa nyekundu ya kung'aa. Sodiamu thiosalfeti ikiingizwa kwenye mshipa kwa wakati humwokoa. Ni dawa ya bei nafuu, na haimo kwenye mikoba yetu mingi. Ng'ombe aliyelamba mbolea ya yurea naye huokolewa na kitu kilicho dukani: siki, lita mbili hadi sita kwa ng'ombe mzima, pamoja na maji mengi ya baridi, ilimradi anyweshwe kwa mpira wa tumboni na mtu anayejua.

Tunasema kwa mpira kwa sababu kunywesha kwa chupa kumeua wengi. Mnyama aliyepewa sumu hunyweshwa maziwa, mafuta ya kupikia, majivu, maji ya chumvi, na mtu amemwinua kichwa huku amemfunga mdomo. Kama anatetemeka hawezi kumeza. Mafuta yanaingia mapafuni, naye anakufa kwa nimonia siku ya nne, wote wakiamini ni sumu ya siku ya kwanza. Tena mafuta na maziwa huharakisha baadhi ya sumu kuingia mwilini. Afadhali umwondoe mahali pa sumu, umwoshe kama ni dawa ya ngozi, umweke kivulini na upige simu.

Yote haya yanafundishwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kina idara nzima ya afya ya umma, famakolojia na toksikolojia katika kitivo chake cha tiba ya mifugo huko Kabete, na walimu wake wametoa kazi nzuri kuhusu sumukuvu na dawa za wadudu. Lalamiko letu haliko kwa elimu iliyoko Kabete. Liko kwa umbali wake na mahitaji ya nyanjani. Mwanafunzi hujifunza kimeng'enya gani hufungwa na kemikali gani, hufanya mtihani, hufaulu. Kisha hupangiwa kazi Ikutha bila kuwahi kuchukua sampuli ya mahindi kutoka gunia lililooza. Wasaidizi wa mifugo, ambao ndio wanaofika kwanza kwenye boma karibu kila mara, hupata saa chache zaidi za somo hili.

Tunapendekeza kwamba wanafunzi wa tiba ya mifugo, wa shahada na wa stashahada, waletwe Kitui na Makueni kwa mafunzo ya sumu katika majira ya kuvuna mazao ya mvua za Oktoba hadi Desemba, yaani Februari na Machi, wakati magunia yanapofungwa na mabua yanapoanza kulishwa. Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya kipo Kwa Vonza, ndani ya Kitui. Kituo cha utafiti wa kilimo na mifugo cha KALRO kipo Kiboko, ndani ya Makueni. Na Katumani, ambako kiwanda cha Aflasafe, dawa ya kuzuia aflatoksini shambani, kimewekwa, ni jirani. Hatuombi majengo mapya. Tunaomba taasisi hizi zikae meza moja na Kabete, na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya ihesabu mafunzo hayo katika alama za elimu endelevu ambazo kila mmoja wetu anapaswa kuzipata ili leseni yake ihuishwe. Alama nyingi siku hizi hupatikana katika kumbi za hoteli. Tungependa baadhi zipatikane ghalani.

Kuhusu maabara: sampuli ya ini kutoka Mutomo bado inasafiri zaidi ya kilomita 200 hadi Kabete, ndani ya boksi la barafu linaloyeyuka juu ya basi, na gharama huangukia mtu aliyekwisha kupoteza mnyama. Matokeo yake ni kwamba haipelekwi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka huduma za mifugo mikononi mwa kaunti. Tunazitaka kaunti zetu mbili ziweke katika bajeti vipimo vya haraka vya aflatoksini katika kila kaunti ndogo, atropini na thiosalfeti katika kila ofisi ya mifugo ya wadi, na zilipie uchunguzi wa sampuli za kwanza kila wanyama wawili au zaidi wanapokufa ghafla katika kijiji kimoja. Na ofisi ya mifugo ikipata jibu la aflatoksini, ofisi ya afya ya umma ipigiwe simu siku hiyohiyo. Ofisi hizo mbili mara nyingi ziko ndani ya ua mmoja.

Tunajua hoja itakayotujibu: fedha. Tunakumbusha tu kwamba Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuchaguliwa katika mpango wa taifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioanza mwaka 2014, na kampeni ya chanjo ilipofanywa kwa nia, watu waliwaleta mbwa wao wenyewe hadi vituoni. Kazi inayowezekana kwa kichaa inawezekana kwa sumu. Na mambo hayo mawili yanagusana: mbwa anayetoa mate na kuyumba anaweza kuwa amekula sumu, anaweza pia kuwa na kichaa. Asishikwe kwa mikono mitupu, asifunguliwe kichwa na mtu ambaye si mtaalamu.

Jambo gumu kuliko yote tumeliweka hapa makusudi, baada ya madai yetu kwa serikali. Hatuwezi kumwambia mtu aliyevuna magunia mawili achome moja, halafu tupande pikipiki twende. Mwaka 2004 mahindi yalibadilishwa kwa mahindi, na ndiyo maana watu waliyatoa. Bila badala, gunia lililokataliwa mezani litapelekwa kwa mifugo, likikataliwa huko litapelekwa kwa wapika pombe, na usiku litauzwa sokoni kwa mtu wa mbali. Kwa hiyo tunadai kuwe na mpango wa kudumu wa kubadilisha mahindi mabovu, ulio tayari kabla ya mavuno, badala ya kusubiri mazishi. Dawa ya kuvu ya Aflasafe, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015 na ambayo hutiwa shambani ili kuvu wasio na sumu wawashinde wenye sumu, ifike kwa wakulima wadogo wa kaunti hizi kwa bei wanayoiweza na kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Ikifika baada ya hapo ni kazi bure.

Kwa wafugaji wenzetu, tunaomba haya kuanzia leo. Anikeni mahindi juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo mtupu, na msiyafunge kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5, vipimo vya unyevu tutavileta kwa kila kikundi kitakachotuita. Pumba za muthokoi zitokane na mahindi ambayo nyinyi wenyewe mngeyala. Chupa ya dawa ya kupe isiingie jikoni wala isigeuzwe ya maji. Mnyama akifa ghafla, msimchune, msimle, msimpe mbwa, na msimzike kabla hamjatuita. Wekeni kando alichokula mara ya mwisho, kilo moja hivi iliyochotwa sehemu mbalimbali za gunia, ndani ya mfuko wa karatasi mkavu, si wa plastiki. Mkiona ndege au kuku wanakufa na mbwa wanafuata katika majira ya mahindi mapya, acheni kula mahindi ya ghala hilo siku hiyo, pelekeni yeyote mwenye macho ya manjano hospitalini, kisha mpigieni simu msaidizi wa mifugo wa wadi yenu. Wanachama wetu wamekubaliana kwamba simu ya aina hiyo itajibiwa hata usiku, na kwamba kumpasua mnyama wa kwanza aliyekufa hakutatozwa ada.